Bastola za Kale na za Ukumbusho wa Vita

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari ya kitu ambacho mwalimu wa shule hatarajiwi kukizungumza. Kazi yangu ni kuwafundisha walimu wanafunzi namna ya kushika chaki na kuandika kitabu cha mahudhurio, nami leo nitasema habari za bastola. Msiondoke karibu na redio mkidhani nimekuja kusifu silaha. Nataka kueleza habari za watu wazikusanyao bastola za kale, pamoja na zile ambazo askari walirudi nazo kutoka vitani ziwe ukumbusho. Jinsi zilivyofanya kazi, na kwa nini watu huzitunza. Ninayo na sababu yangu mwenyewe ya kulichagua jambo hili, nayo nitaieleza tukifika mahali pake.

Huko Ulaya na Marekani wako watu wakusanyao bastola kama wengine wakusanyavyo stempu za barua au fedha za kale. Mara nyingi si watu wa kupenda vita. Mkusanyaji hodari huenda asipige risasi hata moja kwa bastola yake maisha yake yote. Kazi yake ni kuitazama kwa kioo cha kukuzia, kusoma namba na alama zilizochongwa chumani, na kuziandika katika daftari. Uko na mwiko mmoja ambao wakusanyaji wote huushika, nao ni kutoisugua. Mtu asiyejua, apatapo bastola ya kale, huikimbilia kwa mchanga na majivu kama anayesugua sufuria, akidhani ameitendea wema; kumbe amefuta alama zake na rangi ile ambayo miaka mia na zaidi imeipaka, wala hapana fundi awezaye kuirudisha. Tafadhali likumbukeni neno hili la majivu, maana nitalirudia.

Basi tufanye kwamba tumekaribishwa katika nyumba ya mkusanyaji mmoja, naye ameziweka bastola zake juu ya meza, kila moja juu ya kitambaa chake.

Ya kwanza ni ya gumegume. Wazee wetu waliijua bunduki ya namna hii; ilikuwa bidhaa ya misafara, na jina lake lingali katika lugha yetu. Mtambo huu ulianza kutengenezwa huko Ufaransa mapema katika karne ya 17, ukatumika kwa miaka 200 na zaidi. Nyundo yake imeshika jiwe gumu. Kidole kikivuta, jiwe hulipiga bamba la chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo iliyomo katika kisahani, na moto ukapita katika tundu dogo mpaka kwenye baruti ya ndani. Mwenyewe ilimpasa kwanza kumimina baruti, kisha kutia risasi ya mviringo, na kushindilia kwa mdeki. Na baada ya taabu yote hiyo ilitoka risasi moja tu. Mvua ikinyesha, pengine haikutoka hata hiyo moja. Ndiyo maana bastola za mabaharia ziliwekwa shaba nene katika kitako, ili zikiisha kulia zigeuzwe rungu.

Mtu aliyeuondoa mtambo wa gumegume alikuwa mchungaji wa kanisa. Jina lake Alexander John Forsyth, wa Belhelvie katika Scotland, naye alipenda sana kuwinda ndege wa majini. Akaona kwamba kila akifyatua, ndege huona mwako wa baruti ya kisahani kabla risasi haijawafikia, wakaruka au wakapiga mbizi. Akatafuta dawa ilipukayo kwa kugongwa tu, pasipo cheche wala kisahani, na mwaka 1807 akapata hati ya kulinda uvumbuzi wake. Baadaye watu wengine wakaitia dawa ile katika kifuniko kidogo cha shaba, nasi tukakiita fataki. Huwa nafikiri sana habari ya mchungaji huyu. Alitaka bata wa kitoweo, na hila yake ikaingia katika bunduki za majeshi yote.

Bastola ya tatu ni nzito, karibu kama mchi. Iko na gurudumu lenye matundu sita, na katika kila tundu hutiwa risasi yake, hata mtu aweza kupiga mara sita kabla ya kujaza tena. Hii ni kazi ya Samuel Colt, Mmarekani. Husimuliwa kwamba alipokuwa kijana wa miaka 16, safarini baharini kwenda Calcutta, alichonga mfano wake kwa mti. Mwaka 1836 akapata hati ya Marekani, akajenga kiwanda huko Paterson, na mwaka 1842 kiwanda kikafa kwa kukosa wanunuzi. Kilichomwinua tena ni vita. Mwaka 1847 Marekani ilikuwa ikipigana na Mexico, na afisa mmoja aitwaye Samuel Walker akamwagiza bastola 1,000 kubwa kupita zile za kwanza. Walker mwenyewe aliuawa katika vita hivyo mwaka ule ule. Bastola zenye jina lake zilizosalia ni chache, na mwaka 2018 moja, iliyokuwa katika sanduku lake la asili, iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola 1,800,000. Hesabuni wenyewe ni shule ngapi hapo.

Iko na bastola ya Webley, ambayo jeshi la Uingereza liliianza mwaka 1887. Hii huvunjika katikati kama mtu ainamaye, na maganda yote hutoka kwa pamoja. Sitakawia hapo, kwani ile ninayoitafuta ni inayofuata.

Hii yaitwa Luger, kwa jina la Georg Luger aliyeitengeneza akifuata kazi ya Hugo Borchardt ya mwaka 1893. Jeshi la Uswisi liliichukua mwaka 1900, wanamaji wa Ujerumani mwaka 1904, na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908. Haina gurudumu. Risasi zake zimo katika kasha jembamba ndani ya mpini. Juu yake pana kiungo cha chuma mfano wa goti la mtu. Goti likinyooka, hubeba uzito wote wala halikunjiki. Basi ndivyo mtambo huu ufungavyo chumba cha risasi. Risasi ikitoka, nguvu ya baruti husukuma mtutu na kiungo kwenda nyuma, goti likajigonga na kukunjika kwenda juu, likatupa ganda tupu nje. Kisha kamani hulinyoosha tena, nalo likasukuma risasi mpya ndani. Ni kazi ya usanifu mkubwa, na hapakuwa na silaha ndogo ambayo askari wa Uingereza na Marekani waliitamani kuliko hii, katika vita vya 1914 na hata vya 1939. Wengi walirudi nayo nyumbani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mtu akilitoa lile kasha la mpinini, huiona bastola ni tupu. Lakini risasi moja yaweza kubaki juu, ndani ya chumba, nayo hutoka mtu akifyatua. Mafundi wa Kijerumani waliijua hatari hii. Juu ya chumba waliweka kipande kidogo cha chuma kiinukacho kidogo ikiwa risasi imo, na ubavuni mwa kipande hicho wakachonga neno GELADEN. Kadhalika, kiko kitasa cha usalama, na kikilazwa mahali pake huonekana neno jingine, GESICHERT. Ni vizuri sana kwa mtu asomaye Kijerumani.

Katika nyumba ya baba yangu mkubwa, kusini mwa Tanzania, lilikuwapo sanduku la mbao, na ndani ya sanduku kitambaa cha kaniki, na ndani ya kitambaa bastola ya namna hii. Babu alikuwa mpagazi katika Vita Vikuu vya kwanza. Mwezi wa Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana vita vikali Mahiwa, upande wa Lindi, na katika siku zilizofuata babu aliiokota porini. Aliificha maisha yake yote, na alipokufa akaipata mwanawe mkubwa. Kasha la mpinini lilikwisha kutolewa zamani, likapotea. Kila mtu alijua ya kuwa ni tupu.

Baba mkubwa aliipenda. Mara moja kwa mwaka aliitoa, akaisugua kwa majivu na mafuta ya nazi, na kwa kuwa alikuwa mtu aliyeheshimu maandishi, alizisugua zaidi zile herufi mpaka ziking'aa. Hakuna aliyejua zasema nini. Tulidhani ni jina la fundi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi. Siku moja wakubwa walikuwa shambani, nikalifungua sanduku. Dada yangu, binti wa baba mkubwa, alikuwa ameketi kizingitini akichambua mboga. Nikamwambia, "Simama, wewe ni jambazi." Akasimama akicheka, na kisu cha mboga mkononi. Nikamwelekezea bastola usoni, mbali naye hatua tatu hivi, nikavuta kwa kidole. Haikuvutika. Nikavuta kwa vidole viwili, kwa nguvu zangu zote. Nikasema, "Imeshika kutu," nikairudisha katika kitambaa chake.

Haikupita juma, akaja sista mmoja Mjerumani wa misheni kumtazama mama mkubwa aliyekuwa mgonjwa. Baba mkubwa, kwa kuwa ni mgeni mwenye kuijua lugha ile, akaitoa bastola ili amsomee maandishi. Yule sista alivaa miwani, akainama pasipo kuigusa, akakaa kimya. Kisha akasema kwa upole, "Baba, iweke chini polepole, mdomo wake uelekee ukutani. Na watoto watoke." Baba mkubwa akatii. Akamwonyesha lile neno la kwanza: "Hili maana yake, imetiwa risasi." Akamwonyesha la pili: "Na hili maana yake, imefungwa isidhuru. Mshukuru Mungu kwa hili la pili."

Mimi nilikuwa dirishani nikisikia. Yule dada yangu leo ni mama wa watoto wanne. Tukionana twazungumza mengi, lakini jambo hili hatulitaji.

Nimesema kwamba babu alikuwa mpagazi. Vijana wa leo huenda wasijue maana yake. Vita vile havikuwa na magari ya kutosha, wala njia. Ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo. Basi chakula na risasi vilibebwa vichwani. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na ndilo jina lililogeuka kuwa Kariakoo ya Dar es Salaam. Waliokufa kati ya wapagazi wa upande huo walihesabiwa kupita 40,000, wengi kwa maradhi, njaa na kuchoka. Sasa, vita vile vilianzaje? Hapa ndipo nitakapowaonyesha bastola ya mwisho mezani, ndogo kuliko zote, yatosha katika mfuko wa kanzu.

Ilibuniwa na Mmarekani John Moses Browning, ikatengenezwa Ubelgiji, na namna yake yaitwa ya mwaka 1910. Tarehe 28 Juni 1914, katika mji wa Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alimpiga mrithi wa ufalme wa Austria na mkewe kwa bastola ya namna hii. Alifyatua mara mbili tu. Mataifa yakatangaziana vita, na tarehe 8 Agosti manowari za Waingereza zilikuwa zikiipiga Dar es Salaam mizinga. Hivyo ndivyo kijana wa Sarajevo, asiyejua kama kuna mahali paitwapo Mahiwa, alivyomtwika babu yangu mzigo kichwani.

Na ile bastola ya Sarajevo nayo ilifanywa ukumbusho. Padri Anton Puntigam, Mjesuiti, ndiye aliyewapa wale wawili sakramenti ya mwisho, naye akapewa vitu vya siku ile, pamoja na silaha za wale vijana. Alitumaini kujengwe nyumba ya makumbusho kwa heshima ya marehemu. Haikujengwa. Padri akafa mwaka 1926, vitu vikabaki kwa ndugu zake wa shirika huko Austria, na watu wakasahau vilipo. Mwaka 2004 Wajesuiti wakavitoa kwa nyumba ya makumbusho ya jeshi mjini Vienna, ambako gari alilopandia mrithi yule na kanzu yake ya kijeshi yenye damu vilikuwa vimewekwa tangu zamani. Kwa hiyo silaha zile zilikaa miaka 90 mikononi mwa watu wa dini, kama ile ya babu ilivyokaa katika kaniki.

Mtauliza: Je, serikali za huko huwaacha tu watu kukaa na vitu hivi? Mambo yamebadilika mara nyingi. Katika vita vya pili askari wa Marekani aliweza kurudi na bastola aliyoiteka ikiwa ana cheti cha mkuu wake, na vyeti hivyo leo hutafutwa na wakusanyaji karibu sawa na bastola zenyewe, kwa kuwa husema ni nani aliyeichukua. Uingereza ilikuwa kali zaidi. Mwaka 1946 serikali ilitoa msamaha kwa wenye silaha zisizo na hati, na silaha zipatazo 76,000 zikarudishwa, nyingi zikiwa bastola. Kisha tarehe 13 Machi 1996, huko Dunblane katika Scotland, mtu mmoja mwenye bastola za halali aliingia shule ya watoto wadogo akawaua watoto 16 na mwalimu wao. Nilipoisoma habari ile mara ya kwanza nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu, sikuweza kumaliza ukurasa. Mwaka uliofuata bastola karibu zote zikakatazwa kwa raia katika nchi ile. Hata hivyo sheria iliacha milango michache myembamba. Zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1919 mkusanyaji aweza kuruhusiwa kuwa nazo kwa masharti, pasipo risasi. Na ile ambayo askari aliipata vitani kabla ya tarehe 1 Januari 1946 yaweza kubaki katika jamaa yake kwa hati, nayo pia pasipo risasi. Mimi naona waliotunga masharti hayo walijua kupima. Hawakusema ukumbusho ni upuuzi, wala hawakusema ukumbusho washinda uhai wa mtoto.

Katika nchi zetu kuwa na bastola pasipo leseni ni kosa, hata ikiwa imelala sandukuni tangu enzi ya babu. Kama iko mahali mnapojua, msiisugue, msijaribu kuitoa risasi, wala msiibebe katika kikapu kwenda nayo kituoni. Iacheni ilipo, waondoeni watoto, mwiteni polisi. Hata risasi ya zamani sana haiaminiki: pengine imekufa, pengine haikufa. Na silaha zenyewe hazifanani. Iko bastola moja ya Wajapani wa vita vya pili, namna ya 94, ambayo yaweza kulia kwa kubonyezwa ubavuni tu, bila kidole kugusa mahali pa kufyatulia. Askari wetu wa King's African Rifles walipigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944, na yamkini wako waliookota.

Lakini msidhani kumwita polisi kulikuwa jambo jepesi kwa baba mkubwa. Alikataa siku mbili. Alisema, "Baba yangu alibeba mizigo ya watu katika vita visivyo vyake. Malipo yake hakuyapata. Alichorudi nacho ni hiki, nanyi mwataka nikitoe bure." Sista hakumjibu neno. Aliomba daftari langu la hesabu, akapiga goti mbele ya sanduku, akanakili kila alama iliyoonekana: mwaka 1912 uliochongwa juu ya chumba, namba na herufi yake, na alama ndogo za wakaguzi. Akayaandika yale maneno mawili, na maana yake kwa Kiswahili. Chini yake akamwomba baba mkubwa amtajie jina la babu, na jina la baba yake babu, na kijiji, naye akayaandika. Kisha akampa baba mkubwa daftari, asome mwenyewe.

Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kesho yake akamtuma kijana kituoni.

Walikuja askari wawili, mmoja mtu mzima. Waliipeleka nje, mbali na nyumba, wakaelekeza mtutu katika rundo la mchanga wa kujengea, na yule mtu mzima akalivuta lile goti la chuma. Lilikuwa gumu, akalivuta mara ya pili. Risasi ikaruka, ikaanguka mchangani: ndogo, ganda lake limeota rangi ya kijani. Nilimwona baba mkubwa akiitazama, kisha akamtazama binti yake aliyesimama chini ya mwembe, kisha akanitazama mimi. Sijui kama alijua. Hakuniuliza hata siku moja.

Baba mkubwa amekwisha kufariki. Lile sanduku linalo dada yangu. Ndani yake mna kitambaa kile cha kaniki, bado chanuka mafuta ya nazi, na ndani ya kitambaa mna stakabadhi ya polisi pamoja na ukurasa mmoja uliokatwa katika daftari la hesabu, nyuma yake jedwali la saba kwa mwandiko wangu wa kitoto.

Kwaherini, wasikilizaji.